Nati Ambazo Sikuzifungua

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, neno kwa neno, na anayenijua naomba amalize kucheka kwanza ndipo aendelee kusoma. Sifa zangu nazijua. Najua kwamba pale barazani kwa kinyozi nikisema mvua imeanza, watu hutoa mkono nje kuhakikisha. Lakini hili la gari la Mwalimu Mkuu sikulitia chumvi hata chembe, na ushahidi ninao: lingekuwa la kutunga, ningejitoa humo nikiwa msafi.

Watu huniita Injinia. Sikujiita mimi. Nilichofanya ni kutolikataa hilo jina kwa miaka ishirini. Kazi yangu hadi nastaafu ilikuwa mtunza stoo katika karakana ya mabasi. Nilikaa nyuma ya dirisha la wavu, fundi analeta karatasi, mimi namkabidhi boksi. Namba ya kila beringi niliijua kichwani, na rafu yake ningeifikia nimefumba macho. Vitabu vya ufundi vilivyokuja na vipuri nilivisoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, nikifuata michoro kwa kidole. Kitu kimoja tu sikuwahi kukifanya miaka yote ile: kufungua gurudumu.

Hilo barazani hawakulijua. Walichojua ni kwamba niliwahi kulitibu basi kwa simu. Dereva alikwama njiani, akaisogeza simu kwenye injini, nami nikasikiliza mara moja tu, nikamwambia akaze boliti ya tatu kutoka kushoto. Kinyozi husema kila nikiisimulia hiyo, boliti inabadilika. Hucheka, nami hucheka, na siku inapita.

Basi, alasiri moja Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani alikuja kutoa nakala za karatasi zake duka la pili kutoka kwa kinyozi. Ni mama wa makamo, mrefu, anayeongea taratibu kama mtu anayesahihisha madaftari. Aliegesha gari lake dogo la rangi ya maziwa mbele yetu, akanisalimia, akasema, "Injinia, gari langu linalia nyuma."

"Linaliaje?"

"Kama nyuki ndani ya chupa. Nikifika sitini linazidi. Nikipunguza mwendo linapungua, lakini kunyamaza halinyamazi. Nikiwa na abiria nyuma, inabidi tuongee kwa kupiga kelele."

Kinyozi alizima mashine yake. Mteja aliyenyolewa nusu kichwa akageuza shingo. Wote walinitazama mimi.

Hapa lazima niseme jambo moja, si kwa kujitetea. Binti yangu wa pekee ameolewa na fundi wa magari. Ana gereji ndogo nyuma ya wauza mbao, mtaro mmoja wa kuingia chini ya gari, mabati manne juu. Shule ya Mwalimu Mkuu ina magari matano ya kubebea wanafunzi, na wakati ule kamati ya shule ilikuwa inatafuta gereji moja ya kuyatunza yote. Mkwe wangu alikuwa amepeleka barua. Kwa gereji ya mabati manne, magari matano ya shule ni tofauti kati ya kuendelea na kufunga. Mimi nikaona mlango umefunguka wenyewe.

Nikasimama, nikaligonga gari mgongoni kama daktari. "Hapa wezi wanaoshukiwa ni wawili," nikasema. "Tairi au beringi ya gurudumu. Kwa sikio, hawa ni mapacha. Lakini kuna mtego wa kuwatenganisha. Unatoa matairi ya nyuma unayapeleka mbele, ya mbele unayarudisha nyuma, unaendesha. Sauti ikihamia mbele, mwizi ni tairi. Ikibaki nyuma, ni beringi. Niachie gari hili kesho mchana, Mwalimu. Mimi nitakutajia ugonjwa, dawa ataitoa mkwe wangu."

"Utaweza peke yako, mzee mwenzangu?"

Barazani wakacheka. Nikamjibu kwamba nimefungua magurudumu mengi kuliko vitabu alivyofungua yeye.

Kesho yake aliniletea gari na ufunguo wake mmoja wa kuwashia. Nililiendesha hadi kwenye uwanja mtupu nyuma ya ghala la saruji, mahali ambapo hapiti mtu. Nilikuwa na jeki na spana ya matairi, na nia njema, hilo niaminini. Nikaiweka spana kwenye nati ya kwanza, nikasukuma. Nikavuta. Nikapanda juu ya mpini wa spana kwa mguu mmoja, halafu kwa miwili, nikarukaruka pale kama kuku juu ya ukuta. Nati haikutikisika. Mgongo wangu ndio uliotikisika, ukalia mlio ambao hata vitabu vyangu havikuwa na mchoro wake. Nilipochungulia nikaona pia kwamba katika kila gurudumu kuna nati moja isiyofanana na nyingine, ya mviringo, yenye vijimeno kama ua. Spana yangu ilizunguka juu yake bila kushika chochote. Sikujiuliza ni ya nini. Nilikaa kivulini mwa ukuta, nikala njugu, nikasubiri saa mbili zipite.

Halafu nikapitisha vidole ndani ya bomba la moshi na kujipaka masizi mpaka kwenye kiwiko. Kifuani nikajipaka kidogo pia. Nikarudisha gari.

"Nimebadilisha yote manne, nikaendesha, nikayarudisha mahali pake," nikamwambia Mwalimu Mkuu. "Sauti imebaki nyuma kama imepigiliwa misumari. Ni beringi."

Akaitazama mikono yangu, akanishukuru, akaniletea maji ya kunawa. Maji yale aliyamimina yeye mwenyewe.

Kwa nini nilichagua beringi? Kwa sababu nilikuwa mtunza stoo. Nimetoa maboksi ya beringi maelfu. Tairi kwangu lilikuwa kitu cha nje, lililala uani, halikuwa na rafu. Hiyo ndiyo elimu yote iliyokuwamo.

Mkwe wangu alipokea gari Jumatatu. Huyu ni kijana mtaratibu, akiniona huvua kofia hata kama mikono imejaa grisi, na tangu amwoe binti yangu hajawahi kukaa kiti kilicho juu kuliko changu. Akaniuliza, "Baba, umeshafanya kipimo cha kubadilisha matairi?"

"Nimeshafanya."

"Basi sina haja ya kurudia."

Akafunga beringi mbili mpya za nyuma. Mwalimu Mkuu akaondoka. Siku ya tatu akarudi. Nyuki alikuwa bado ndani ya chupa.

Mkwe wangu akazitoa zile beringi, akafunga nyingine mbili kwa gharama yake, za boksi jingine. Mwalimu Mkuu akaondoka tena. Akarudi tena.

Jumapili ile nilikwenda kwao kula chakula cha mchana. Binti yangu alipakua, tukala. Mkwe wangu aliutazama mkono wake wa kulia muda mrefu, kama mtu aliyesahau kitu ndani yake, halafu akasema kwa upole, "Baba, ile siku ya kipimo. Sauti ilibaki nyuma vilevile, au labda ilipungua kidogo?"

Mlango ulikuwa wazi. Angeweza hata mtoto kupita. Nilihitaji kusema maneno matatu tu.

"Vilevile," nikasema, nikaomba chumvi.

"Haya, Baba. Nitaangalia tena mimi. Itakuwa kuna kitu nimekosea."

"Baba, mbona hujasimulia chochote leo?" binti yangu akauliza. "Unaumwa?"

"Mgongo," nikasema. Na hilo ndilo neno la kweli pekee nililolitamka mezani pale.

Kama ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida, wa kusamehewa. Sikuishia. Jumanne Mwalimu Mkuu alinikuta barazani, akaniuliza mbele ya wote, "Injinia, wewe ulipima ukaona ni beringi. Beringi zimebadilishwa mara mbili. Gari bado linalia. Sasa nimweleweje mkwe wako?"

Kinyozi, mteja, muuza magazeti, wote masikio. Nikaona jina la Injinia linaniteleza. Nikasema, nikitazama viatu vyangu, "Siku hizi kuna vipuri vya bandia, Mwalimu. Vijana huuziwa tu. Au wengine hutazama bei."

Nilisema hivyo juu ya mume wa mwanangu.

Mwalimu Mkuu aliandika kitu kwenye daftari lake dogo. Maneno yangu hayakukaa barazani hata saa moja. Alhamisi, dereva wa teksi aliyekuwa mteja wa mkwe wangu kwa miaka mingi alikuja kuchukua gari lake kabla halijamalizika, akasema amepata mtu mwingine. Ijumaa akaja wa pili. Binti yangu alinipigia simu kuniuliza kama nimesikia nani anamsema mumewe kwamba anafunga vipuri vibovu. Nikamwambia watu wana midomo mirefu.

Jumamosi asubuhi Mwalimu Mkuu alituita sote wawili shuleni. Kamati ilikuwa inakutana siku hiyohiyo, katika darasa la kona, saa nne. Alitukuta uani kando ya gari lake, saa tatu na nusu. Mkwe wangu alikuwa amevaa shati la pasi. Nilipoliona lile shati nikajua alikuwa bado na tumaini.

"Kijana," Mwalimu Mkuu akasema, "barua yako iko mezani kwa kamati. Nikiingia mle ndani nitaulizwa neno moja: unaaminika au huaminiki. Niambie niseme nini."

Mkwe wangu akashika kofia kwa mikono miwili. "Naomba nusu saa, Mwalimu. Nibadilishe matairi, ya nyuma yaende mbele, tuendeshe kidogo."

"Kipimo hicho alishafanya baba mkwe wako."

"Ndiyo."

"Sasa unataka kukirudia kwa nini? Unasema alidanganya?"

"Hapana, Mwalimu. Baba hawezi kudanganya. Nataka kuhakikisha tu." Alitazama chini. "Naomba ile soketi ya nati."

Mwalimu Mkuu akatoa shada la funguo kutoka mkobani. Funguo za stoo, za ofisi, za kabati la mitihani, na katikati yake kidude kifupi cha chuma chenye vijimeno kama ua. Akakitoa kwenye pete, akawa anampa, kisha mkono wake ukasimama hewani.

"Hii ni ya zile nati za kuzuia wezi wa magurudumu," akasema polepole. "Moja kila gurudumu. Bila hii hayatoki. Nayo haijawahi kutoka kwenye pete hii isipokuwa zile mara mbili ulizokuja kuniomba wewe." Akanigeukia. "Injinia. Siku ile nilikupa ufunguo wa kuwashia peke yake. Ulizifungua kwa kifaa gani?"

Nikajaribu. Mtu aliyezoea huwa anajaribu hata akiwa majini hadi shingoni. "Kuna ufundi wa zamani," nikasema. "Unachukua soketi iliyo ndogo kidogo, unaigongea kwa nyundo mpaka inauma..."

Mwalimu Mkuu akainama, akazitazama zile nati, moja baada ya nyingine, magurudumu yote manne. Alichukua muda wake. "Hazina hata mkwaruzo," akasema.

Kabla sijapata uongo mwingine mkwe wangu akaingilia. "Mwalimu, mimi nilikuwa na soketi nyingine gerejini. Inafanana na hii. Nilimwazima Baba."

Nilimjua kijana huyu kwa miaka saba na sikuwahi kumsikia akisema jambo lisilokuwapo. Sauti yake haikuzoea, ilitoka imepinda. Masikio yakamwiva.

"Kila gari lina yake," Mwalimu Mkuu akamwambia, tena kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kofi. "Ungekuwa na nyingine usingekuja kuniomba mimi. Nilikuwa nasita kuhusu beringi zako. Sasa na mdomo wako pia?"

Hapo ndipo nilipofika chini kabisa. Nilikuwa nimemchafulia jina la kazi. Sasa nilikuwa nimemfanya mwongo, mbele ya mtu aliyeshika riziki yake, na alidanganya ili mimi nisidondoke.

"Sikufungua hata nati moja," nikasema.

Nikaendelea, maana nilijua nikinyamaza nitatafuta njia ya kutokea. "Nilishindwa. Nikakaa ukutani nikala njugu. Masizi nilijipaka kutoka kwenye bomba la moshi. Beringi nilizitaja kwa sababu ndizo nilizokuwa nikizitoa stoo. Mimi si injinia, Mwalimu. Nilikuwa natoa maboksi. Na lile la vipuri vya bandia sikuwa na ushahidi wowote. Nililisema ili nisiulizwe mimi."

Mkwe wangu alikuwa hajui kwamba la vipuri lilitoka kwangu. Niliona likimfikia. Alikunja kofia mara moja, akaikunjua, akaiweka juu ya boneti.

"Wewe ulijua kwamba hakupima?" Mwalimu Mkuu akamuuliza.

"Nilishangaa tu ile Jumatatu nilipoona soketi unayo wewe. Nikasema labda Baba ana njia yake." Akapiga magoti kando ya gurudumu la nyuma. "Na nilipolitoa tairi nililipapasa. Naomba mkono wako, Mwalimu. Pitisha hivi, kuelekea mbele."

Akapitisha kiganja. "Ni laini."

"Sasa rudi nyuma."

Akarudisha mkono, akauondoa haraka. "Linachoma. Kama msumeno."

"Ndiyo. Vipande vya mpira vimeliwa upande mmoja, vimesimama kama meno. Kila jino likigonga lami linatoa mlio, na yakiwa mengi ndiyo huyo nyuki wako. Kiganja changu kiliniambia siku ya kwanza. Lakini Baba alikuwa ameshasema sauti ilibaki nyuma, nikakiambia kiganja kinyamaze."

Kiganja tu. Hakuna nati, hakuna jeki, hakuna mgongo. Ningeweza kuujua ugonjwa ule nimekaa palepale kwa kinyozi, njugu mkono mmoja.

Alibadilisha matairi kwa dakika ishirini, tukaingia garini sote watatu. Mimi nilikaa nyuma. Tulipofika sitini, nyuma kulikuwa kimya hivi kwamba nilisikia pumzi zangu, na mlio wote ulikuwa kule mbele, chini ya miguu ya Mwalimu Mkuu. Mkwe wangu akaeleza kwamba shokapu za nyuma zimechoka, gurudumu linadunda badala ya kukanyaga, na ndiyo maana mpira umelika hivyo. Shokapu mpya mbili, matairi mapya mawili, magurudumu yapimwe yakae sawa, basi. Alieleza yote kwa kumtazama yeye. Mimi hakunitazama.

Tuliporudi, wajumbe wa kamati walikuwa wanaingia darasani. Mwalimu Mkuu alizima gari.

"Mzee mwenzangu, hili la kwako utalilipa," akasema. "Beringi zote nne ni zako, za kwanza na za pili. Hilo ni dogo. Utaingia na mimi mle ndani uwaambie kamati ulichoniambia hapa, kuanzia kwenye njugu. Kisha Jumatatu utakwenda gerejini kwa mkwe wako, mchana, madereva wa teksi wakiwapo, na matairi yangu mapya utayafunga wewe. Wakikuuliza kwa nini, utawajibu."

Nikaingia. Niliwekwa mbele ya ubao, wajumbe saba wakiwa wamebanana kwenye madawati ya watoto. Nimesimulia hadithi mbele ya watu maisha yangu yote na sikuwahi kukosa mahali pa kuweka mikono. Siku ile nilikosa. Nilisema yote. Nilipofika kwenye masizi mjumbe mmoja alianza kucheka, akaangalia uso wangu, akaacha. Mkwe wangu alisimama mlangoni. Kamati haikumpa magari matano. Ilimpa mawili kwa miezi mitatu, ya majaribio, kwa sababu, mwenyekiti alisema, fundi anayemwamini mtu kuliko mkono wake anahitaji kutazamwa kidogo. Magari matatu yaliyobaki ni mimi niliyeyala.

Jumatatu nilikwenda. Madereva wa teksi walikuwa wanne, wamekaa juu ya matairi chakavu, na kinyozi alikuwa amefunga duka lake, eti ana haja na mbao. Binti yangu alisimama kwenye nguzo ya mabati, mikono ameifunga kifuani. Alikuwa ameshajua kila kitu. Aliniamkia, na baada ya shikamoo hakuongeza neno.

"Injinia, leo hakuna simu?" kinyozi akauliza. "Si uisikilize tu kutoka nyumbani."

"Sifanyi tena hiyo kazi," nikasema. "Sikuwahi kuifanya."

Nikapiga goti. Dereva yule wa kwanza akaniuliza nafanya nini pale chini na uzee wangu, nikamwambia: nilimsingizia fundi huyu, beringi zake zilikuwa nzima, aliyekuwa bandia ni mimi. Ilibidi nirudie kwa sauti zaidi, kwa kuwa wa nyuma hakusikia.

Nikalipandisha tairi jipya kwenye boliti zake, nikazishikiza nati kwa vidole, nikachukua spana. Nikakaza ya juu. Nikakaza iliyofuata. Nikawa naelekea ya tatu, nikizunguka kama mshale wa saa.

Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo. Kwa miaka saba hakuwahi kuniambia kwamba nimekosea, hata nilipokosea tarehe ya harusi yake mwenyewe.

"Hapana, Baba," akasema, mbele ya watu wote. "Siyo hivyo. Unakaza kwa msalaba. Ya juu, kisha ya chini. Tairi likae sawa."

Binti yangu akashusha mikono.

Nikailegeza ile ya pili, nikaanza upya, ya juu, kisha ya chini, naye akawa ananiangalia mpaka nati ya mwisho.